Pua Iliyowekwa Rehani

Nianze kwa kusema kwamba pua yangu ni kubwa, asije mtu akadhani ananifichulia siri. Ni kubwa, ina nundu katikati, na mwisho wake unainama kama mtu anayechungulia kisimani. Wala si yangu peke yangu. Baba yangu alikuwa nayo, kaka yangu alikuwa nayo, na mtoto wa kaka yangu, ambaye baba yake alimwita Kipusa tangu siku ya kwanza, alitoka nayo tumboni ikiwa imeshakomaa. Mkunga alitutangazia kwamba mtoto ni wa kike na ni mzima, akamtazama tena, kisha akasema ataonekana ana akili sana. Tulimwelewa, tukamshukuru hivyo hivyo.

Kaka alifariki Kipusa akiwa ndiyo kwanza anang'oka meno ya utoto. Mama yake akaolewa kwingine, mtoto akabaki kwangu. Picha za kaka tulikuwa tumeziweka juu ya kabati ndani ya mfuko wa karatasi, na paa la chumba kile, bila kutuarifu, lilivuja msimu mzima. Tulipozishusha zilikuwa zimegandamana zikawa tofali moja, huwezi kujua bega ni la nani na ukuta ni wa nani. Kwa hiyo kila Kipusa alipouliza baba alikuwaje, nilimsimamisha mbele ya kioo kirefu cha dukani kwangu, kile wateja wanachojitazamia wakija kuchukua suti, nikasimama nyuma yake na kumwambia, "Angalia hapo katikati ya uso. Huyo ndiye baba yako. Kwingine kote umemchukua mama yako." Naye anakisalimu kioo: "Shikamoo, baba." Mimi naitikia marahaba kwa sauti nzito, naye anacheka mpaka anakaa chini.

Mimi ni dobi. Duka langu ni chumba chembamba kilichojaa mvuke, meza ya kupigia pasi imevikwa blanketi kuukuu, na makoti ya watu yananing'inia kwenye kamba mpaka mlangoni, ukiingia lazima uyapige kikumbo. Nguo ikifika naipeleka puani kwanza, kwenye maji baadaye. Pua ndiyo inayoniambia hili ni jasho, haya ni mafuta ya kukaangia, na haya ni manukato ya mtu ambaye si mke wa mwenye koti. Hilo la mwisho huwa nalimeza. Hata fundi saa wa ng'ambo ya barabara, mgane mpole aliyefiwa na mkewe, asiyejua kuinua macho, pua yangu ilimbaini siku nyingi: mashati anayoniletea ni masafi, ameyafua mwenyewe kabla ya kuyaleta. Nayafua tena na kumtoza kama kawaida. Mtu mzima akitaka kuzungumza, azungumze.

Basi Kipusa akakua, akasoma, akapata kazi ya mapokezi kwenye kampuni ya bima, jengo la vioo ambalo lango lake linafunguliwa na mashine inayosoma nyuso. Unasimama, mashine inakutazama, inakuamini, unaingia. Na jioni moja akaja dukani, akaweka mkoba juu ya meza yangu ya pasi, jambo ambalo anajua silipendi.

"Shangazi, nataka kufanyiwa upasuaji."

Pasi ilinitoka mkononi. "Unaumwa nini, mwanangu?"

"Pua."

"Inauma?"

"Haiumi. Ipo tu."

Nilimtazama. Akaanza kuhesabu mateso yake. Pua inafika kazini kabla yake. Akiinamisha kichwa kuandika, wateja wanadhani anawaonyesha njia ya chooni. Meneja alimwomba kwa adabu asikae upande wa dirishani kwa sababu kivuli chake kinawasumbua watu. Alisema yote hayo mbele yangu, mimi mwenye pua ile ile, kama mtu anayemsimulia kobe ubaya wa magamba.

"Unajua unazungumza na nani?" nikamuuliza.

"Wewe ni mtu mzima, shangazi. Umeshaizoea."

"Wahenga walisema kata pua uunge wajihi. Lakini hawakusema ukope! Maana hela huna. Au unayo?"

"Nitakopa," akasema, macho makavu.

Hapo nilicheka mpaka mteja mmoja aliyekuwa anasubiri suruali akacheka naye bila kujua tunacheka nini. Kipusa akope! Kukopa harusi, kulipa matanga, na mtoto huyu matanga yake yalikuwa yanajulikana mji mzima. Alikopa friji, wakaja wakalibeba likiwa na maji ya kunywa ndani. Alikopa makochi, wakayachukua na mgeni akiwa amekaa. Alikopa simu kwa ajili ya kupigia picha friji na makochi, nayo ikarudi kwa wenyewe ikiwa na picha zote. Kilichobaki nyumbani kwake kutokana na mikopo hiyo yote ni rimoti, na hatukuwahi kujua ni ya nini. Benki akitokeza tu mlangoni, walinzi wanaanza kuangalia saa.

"Kuna kampuni inakopesha hata wenye historia mbaya," akasema. "Ipo juu ya duka la viatu. Kesho asubuhi nina miadi nao."

Usiku ule nililala na pua yangu tukiwa na kinyongo wote wawili. Mtoto akikuambia hapendi nguo uliyomnunulia, unasononeka kidogo, yanapita. Lakini huyu alikuwa anataka kumkata baba yake na kumtupa kwenye ndoo ya hospitali, na nikajua kwamba mimi nikishakufa, kaka yangu atakuwa hayupo tena popote. Asubuhi nikafunga duka, nikavaa gauni langu la heshima, nikaenda juu ya duka la viatu kuuvunja mkopo ule kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nilimkuta Kipusa ameshaketi. Mezani alikuwepo kijana mmoja mwenye tai na adabu nyingi mno, wenyewe wanamwita Afisa. Kando yake kulikuwa na mashine ndogo yenye jicho moja.

"Karibu, mama. Sisi hapa hatusumbui watu na vitambulisho," akanieleza, kama vile nimekuja kukopa mimi. "Kitambulisho kinaghushiwa. Uso haughushiwi. Mteja anaitazama mashine, mashine inatuambia yeye ni nani na alimdhulumu nani."

Kipusa akaitazama mashine. Mashine ikawaka nyekundu, ikaanza kulia, haikunyamaza mpaka Afisa alipoifunika kwa leso.

"Historia ya dada ni mbaya," akasema kwa masikitiko.

"Mbaya?" nikasema. "Ni mbaya kuliko hicho kidude chako kinavyojua!" Nikamweleza habari za friji, makochi, simu na rimoti. Nikaongeza na sare za shule ambazo mpaka leo fundi cherehani anamwulizia. Kipusa alikuwa ananikanyaga mguu chini ya meza, nami nikawa namkanyaga pia.

Afisa akanishukuru. "Basi tumekataa," akasema.

Nilisimama nimeridhika, mkoba begani, nusu ya mwili wangu iko nje ya mlango. Laiti yule kijana angejua kunyamaza! Lakini wenye adabu nyingi hawajui kunyamaza.

"Na hata angeleta dhamana," akaendelea, "kanuni yetu ni kwamba dhamana ifanane na kinachokopewa. Wa gari anaweka gari, wa nyumba anaweka nyumba. Mkopo wa pua unahitaji pua." Akaitazama ya kwangu, akatabasamu. "Bahati mbaya pua kama hiyo, mama, usinielewe vibaya, isingefikisha hata robo."

Wanasema hasira hasara. Mimi sikuzaliwa jana, methali hiyo naijua, nilishawahi hata kumfokea mtu nayo. Lakini robo?

Nikarudi, nikavuta kiti. "Rudia hapo."

"Nilikuwa nasema tu kwamba sokoni..."

"Sokoni gani wewe? Hii pua imevuka vizazi vitatu bila ukarabati! Imepigwa na mvuke wa pasi tangu hujazaliwa na haijapinda! Lete na wewe pua yako hapa tuone kama itafika hata ujana."

Akatoa kipimo cha chuma mfano wa koleo, akanipima urefu, upana na kimo cha nundu. Akataja bei. Nikamwambia kwa bei hiyo aende akanunue pua ya paka. Akasema ana wasiwasi na uchakavu. Nikamwambia uchakavu wa babu yake. Akapandisha. Nikamwonyesha ubavuni, pale ambapo ngozi ni nyororo kama ya msichana, akapandisha tena. Kipusa alikuwa amekaa mdomo wazi, ananitazama mimi, anamtazama Afisa, kama mtu anayefuatilia mpira. Nilibishana kama ninavyobishana na wauza sabuni, mpaka nikamfikisha bei ambayo hata mimi niliona aibu kidogo kuikubali.

"Basi, mama, umenishinda," akasema Afisa akijifuta jasho. "Inatosha kabisa gharama za upasuaji."

Nikampa mkono. Ni pale tu Kipusa aliponirukia shingoni akilia kwa furaha, "Asante, shangazi, asante!" ndipo nilipoanza kujiuliza nimeshinda nini. Niliingia kuzuia mkopo, nikatoka nimekuwa mdhamini. Kabla sijafika kwenye ngazi, Afisa alikuwa ameshanibandika kibandiko kidogo cheupe ubavuni mwa pua: MALI YA KAMPUNI.

Kurudi nyuma nisingeweza. Nilishatoa neno langu, na kila nikitaka kulivunja nakumbuka ile robo.

Kuwa na pua ya rehani ni kazi juu ya kazi. Afisa alinisomea masharti: kutokuna, kutopenga kwa nguvu, kutopiga chafya pasipo sababu ya msingi. Na zaidi ya yote, kutoitumia kibiashara, kwani kunusa nguo za watu kunaishusha thamani. Nikamwuliza dobi afanye kazi na nini. Akasema wenzangu wanatumia macho. Basi nikawa nafua kwa macho. Wiki ile ile nilimrudishia mwalimu mkuu koti lililopigwa pasi likanyooka kama ubao na bado linanuka samaki, akalivaa kwenye kikao cha wazazi. Kila Ijumaa Afisa alikuja na koleo lake, anapenya katikati ya makoti, ananipima mbele ya wateja. Mara moja alinikuta na mafua, pua imevimba, akatangaza kwamba thamani imepanda. Nikamwomba anipe chenji.

Fundi saa alikuja na shati lake safi, akaona kibandiko.

"Hivi wanaweza kufanya hivyo?" akauliza.

"Wameshafanya."

"Mimi ningeiacha ilivyo," akasema, halafu akashtuka kusikia sauti yake mwenyewe, akatoka mbio bila kuacha shati.

Kipusa akapasuliwa. Siku ya kutoa plasta alikataa kwenda kliniki peke yake. Akaja dukani na daktari wake, bwana mnene mwenye vidole vyembamba, akidai anataka kufunguliwa mbele ya kioo alichokulia. Daktari akabandua taratibu, akarudi nyuma, akakunja mikono kama mpishi anayesubiri kusifiwa.

Pua ilikuwa nzuri. Sitasema uongo kwa sababu ya uchungu. Ilikuwa ndogo, imenyooka, pua kama zile za kwenye vibao vya matangazo. Kipusa aliitazama, akageuka upande, akageuka upande wa pili. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake mahali pangu pa siku zote, na kwenye kioo ilikuwepo pua moja tu ya ukoo wetu, na ina kibandiko.

"Nzuri," akasema Kipusa.

"Nzuri," nikasema na mimi. Nikaenda nyuma ya makoti, nikajifanya natafuta wanga wa kukazia kola. Nililia hapo, tena bila kupenga, maana masharti yalikataza.

Jumatatu Kipusa akaenda kazini amependeza. Akasimama mbele ya mashine ya lango, mashine ikamtazama, haikumfungulia. Akajaribu tena. Mlinzi, ambaye wamekunywa chai pamoja tangu aanze kazi, akatoka kibandani.

"Dada yangu, nakujua," akamwambia. "Lakini lango halikujui, na funguo linazo lango lenyewe."

Akapiga simu kwa ofisa utumishi. Ofisa utumishi akashuka, akamtazama kupitia kioo, akasema mwenye uso huo hajaajiriwa pale. Kipusa akataja namba ya simu yake ya mezani, siku ya kuzaliwa ya meneja, na mahali kikombe chake kilipopasuka. Ofisa utumishi akakubali kwamba yote ni kweli, ila mfanyakazi anayehusika na mambo hayo ni mtoro: hajaonekana langoni tangu likizo yake iishe. Akamshauri asubiri. Mtoro akishafukuzwa, nafasi itatangazwa, naye aombe kama watu wengine. Kipusa akawa anakwenda kila siku, anasimama nje ya kioo akiangalia kiti chake kikiwa kitupu, na mwisho wa mwezi akakatwa mshahara wote kwa kutofika kazini.

Marejesho ya mkopo hayakulipwa. Mwezi uliofuata hayakulipwa pia. Na Ijumaa moja Afisa akaja bila koleo. Alikuja na dalali wa mnada, mtu wa sauti kubwa mwenye kengele.

"Mama, maji yametufika shingoni," akasema Afisa, na nafikiri alisikitika kweli. "Kesho inanadiwa."

"Na mtaitoaje?"

"Sisi hatutoi. Tunauza ilipo na kama ilivyo. Kuitoa ni juu ya mnunuzi."

Nilicheka. Nani atanunua pua ya kikongwe? Watakuja, watapiga kengele, watarudi zao. Nikalala vizuri kabisa.

Kesho yake duka lilijaa mpaka makoti yakaanza kuvaliwa. Majirani walikuja, wateja walikuja, mwalimu mkuu alikuja kuona kama kweli haki ipo. Fundi saa alisimama karibu na mlango akiwa amefunga vifungo vyote. Nilimtafuta Kipusa kwa macho, sikumwona, na jambo hilo liliniuma kuliko mnada wenyewe. Nikaambiwa nikae kwenye kiti juu ya meza ya pasi ili bidhaa ionekane. Nilikaa.

"Pua ya asili!" dalali akapaza sauti. "Imekomaa, ina nundu, haina ajali! Nani anaanza?"

"Mimi," ikasema sauti ya nyuma, na aliyesogea mbele alikuwa yule daktari wa vidole vyembamba.

Watu wakaguna. Daktari akaeleza bila aibu. Kliniki yake ina mifano mingi ya pua za "baada", wateja wanaziona kila siku mitaani. Kinachokosekana ni mfano mzuri wa "kabla". Ile ya Kipusa msaidizi wake aliitupa kwa bahati mbaya. Hii angeiweka mapokezi, ndani ya chupa ya kioo, yenye taa.

"Na mimi?" nikauliza kutoka juu ya meza.

"Hutasikia chochote, mama. Nusu kaputi. Na hapo patakapobaki tutapasawazisha bure."

Hapo ndipo kicheko cha jana kilipokwisha. Nilijishika pua. Afisa akanikumbusha kwa upole kwamba hairuhusiwi kugusa.

Fundi saa akanyoosha mkono, akataja bei. Sauti ilimtetemeka lakini ilisikika. Daktari akapandisha. Fundi saa akapandisha. Daktari akapandisha tena, akapiga miayo. Fundi saa akavua saa yake mkononi, akaiweka mezani karibu na miguu yangu. Akatoa nyingine mfukoni. Akavua na ile ya kwenye mnyororo ambayo kila mtu anajua aliachiwa na babu yake. Dalali akazitazama, akatikisa kichwa, akainua pasi yangu ili aigonge mezani badala ya nyundo. "Kwa daktari, mara ya kwanza! Mara ya pili!"

"Subiri!"

Makoti yakayumba, Kipusa akatokeza katikati yake, anahema. Hakunitazama mimi. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa Afisa, ambaye alikuwa na mashine yake kwenye begi.

"Nataka kukopa," akasema.

"Dada, wewe tena?"

"Mimi nani? Iulize mashine."

Afisa akaitoa mashine, akamwelekezea. Jicho likamtazama Kipusa muda mrefu. Likawaka kijani, na sauti tamu ya kike ikasema: "Karibu, mteja mpya. Hudaiwi popote."

Afisa alimeza mate. "Mimi nakujua," akasema polepole, "lakini mashine haikujui. Na mimi bosi wangu ni mashine." Akakaa sawa, akajirekebisha tai. "Unakopea nini?"

"Pua. Ile pale juu ya meza."

"Dhamana ya pua ni pua."

"Hii hapa," akasema Kipusa, akainua uso. "Mpya. Haijatumika."

"Thamani yake sijui," akasema Afisa. "Tunahitaji mtaalamu." Na macho ya duka zima yakamgeukia daktari.

Bwana yule alitokwa na jasho. Ungeweza kuona anachotaka kusema: kwamba ni pua ya kawaida, ya bei rahisi. Lakini nyuma yake walikuwa wamejaa kina mama na kina dada wa mtaa mzima, wateja wake wa kesho, wanasubiri kusikia fundi anavyoisema kazi ya mikono yake.

"Hiyo," akasema kwa shida, "ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya."

"Inaizidi ile ya mezani?" Afisa akauliza.

Daktari akanitazama. Nikamtazama. Mimi najua kabisa mtu anavyojisikia pua inapobishaniwa bei, ningemwonea huruma kama angekuwa mtu mwingine.

"Mara kumi," akasema.

Kipusa akachukua mkopo wote, akaizidi bei ya daktari mbele ya macho yake, na pasi yangu ikagonga meza. Afisa akanibandua kibandiko taratibu. Akakigeuza, akakipulizia pumzi kilainike, akambandika Kipusa.

Watu walipoondoka nilishuka mezani na hasira zangu zote zilikuwa zinanisubiri chini. "Kichwa maji wewe! Ulikuwa na deni la pua moja, sasa una madeni ya pua mbili! Utalipa na nini? Na akija kukunadi wewe?"

"Dawa ya deni ni kulipa, shangazi."

"Wewe? Kulipa? Tangu lini?"

Aliokota koti lililoanguka, akalitundika. "Siku ile nilipofunguliwa plasta," akasema, "nilimtafuta kwenye kioo. Nikageuka kushoto, nikageuka kulia. Nikasema nzuri kwa sababu nyote mlikuwa mnanisubiri niseme kitu."

Nikaacha kufoka. Andikeni hilo mahali, halitokei mara nyingi.

Lango la kampuni ya bima halijamfungukia mpaka leo. Anafanya kazi hapa kwangu, anapiga pasi vizuri kuliko nilivyotarajia, na kila mwisho wa mwezi, maajabu ya dunia, anapanda juu ya duka la viatu na kulipa. Afisa anamwita mteja wa mfano. Ile pua mpya inawapendeza wateja lakini hainusi kitu, harufu zote kwake ni moja, kwa hiyo nguo zinaletwa kwangu. "Shangazi, niazime pua yangu kidogo," ananiambia, na mimi nanusa, maana kisheria ni yake. Fundi saa bado analeta mashati. Siku hizi ni machafu kweli, na nilipomuuliza akasema amekuwa akichelewa kuondoka hapa dukani kwangu, hapati muda wa kuyafua kwanza.

Juzi jioni tulikuwa tunafunga. Nilikuwa nimesimama mbele ya kioo nikijifunga kilemba, Kipusa akaja akasimama nyuma yangu. Amenizidi urefu zamani, kidevu chake kinafika juu ya kichwa changu. Nilidhani anajitazama mwenyewe. Lakini macho yake kwenye kioo yalikuwa yametua katikati ya uso wangu, yametulia hapo.

"Shikamoo, baba," akasema.

Nilitaka kumwambia aache upuuzi, azime taa, umeme si wa bure. Badala yake nikakaza kilemba. Nikaijaribu ile sauti nzito ya zamani, ikanikatikia njiani, nikaanza upya.

"Marahaba, mwanangu."